Doria inalala saa tisa, wizi unaanza saa kumi: kisa cha mtaa mmoja na kamati yake ya ulinzi

Hiki ni kisa cha mtaa mmoja wa pembezoni mwa jiji, Tanzania. Jina la mtaa, kata na watu nimeyaondoa, na vitu vidogo vidogo ambavyo mtu angeweza kuvitambua nimevibadili. Mi nilikua naitwa kwenye vikao vya kamati kusaidia kuandika mihtasari, kwahiyo mengi ninayoandika hapa niliyasikia yakisemwa, na mengine nimeyasoma kwenye daftari la kamati. Nimekiandika kwa ajili ya wenyeviti, watendaji na wajumbe wa kamati za mitaa ambao wanaitisha mkutano wa ulinzi, watu wanakuja wanapiga makofi, alafu baada ya mwezi hamna kitu.

Mtaa wenyewe

Ni mtaa wa kawaida tu. Nusu ya watu au zaidi ni wapangaji, nyumba za vyumba sita saba uani choo kimoja, machocho mengi, barabara ya lami iko mbali kidogo, na kati ya nyumba za watu na hiyo barabara kuna kipande cha njia chenye pagale moja kubwa ambalo mwenyewe haonekani. Kuna kijiwe cha vijana karibu na bodaboda. Alfajiri wanaotoka ni wanawake wanaowahi samaki na mboga kwenye soko kubwa, mafundi, walinzi wanaorudi na watu wa viwandani.

Uongozi ni ule mnaoujua. Mwenyekiti wa mtaa alichaguliwa kwenye uchaguzi wa Novemba 2024, ana wajumbe wake wa kamati, na kuna mtendaji wa mtaa ambaye yeye ni mwajiriwa wa halmashauri. Mwenye neno la mwisho kwa mambo kama haya ni mkutano mkuu wa mtaa, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, awe na nyumba awe amepanga chumba. Hili la mpangaji nalisema mapema maana ndo lilikua chanzo cha nusu ya matatizo, watu wengi pale waliamini kabisa mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba.

Ulinzi shirikishi haukua kitu kigeni. Wazee wanakumbuka sungusungu, vile vikundi vya ulinzi vya wananchi, za Usukumani na Unyamwezini za miaka ya 1980, na tangu polisi walipoanza kuhubiri Polisi Jamii mwaka 2006 karibu kila mtaa umewahi kuwa na kikundi cha vijana wenye filimbi na tochi. Mtaa huu pia ulikua nacho. Kilikufa miaka michache kabla, mchango ulikua shilingi 2,000 kwa kaya kwa mwezi, mkusanyaji anapita na daftari, hakuna risiti, hakuna siku hata moja hesabu zilisomwa. Watu hawakugoma kwa kelele, waliacha kutoa mmoja mmoja mpaka walinzi wakaacha kuja. Kwahiyo mwenyekiti mpya alirithi mtaa ambao ukisema neno "mchango wa ulinzi" watu wanaangaliana.

Mambo yalivyoenda

Wizi ulianza kusikika zaidi baada ya mvua. Simu zinaporwa, nyumba mbili zilivunjwa dirisha, betri ya bajaji ikaondoka usiku. Ile hofu ya Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, ya 2022 ilikua bado vichwani mwa watu, kwahiyo kila tukio dogo lilikua linakuzwa. Mwenyekiti akaitisha mkutano mkuu, Jumamosi saa kumi jioni, uwanja wa shule.

Walikuja watu wengi kweli. Ila ukiangalia nani alishika kipaza sauti, ni wenye nyumba, wazee wanaume karibu wote, na walichokua wanaogopa ni kuvunjiwa usiku wa manane wakiwa wamelala. Hofu halali kabisa, siwalaumu. Mkutano ukaamua mambo kwa haraka: doria kuanzia saa tano usiku mpaka saa tisa usiku, mchango 2,000 ule ule, walinzi vijana wa mtaani, na grupu la WhatsApp la taarifa. Makofi, watu wakaondoka.

Doria ikaanza na ilifanyika kweli, vijana walikua wanapita. Lakini malalamiko ya kuporwa hayakupungua, na kwenye grupu watu wakaanza kusema walinzi wanalala, wengine wanasema walinzi ndo wezi wenyewe. Ukishafika hapo mambo yanaharibika haraka.

Yakaharibika. Mtu mmoja akatupia kwenye grupu picha ya kijana amepigwa kwa mbali, anatembea na mfuko alfajiri, na maneno "huyu ndo anayetusumbua, mkimuona mnajua cha kufanya". Picha ikasambaa mpaka mitaa ya jirani. Kesho yake asubuhi yule kijana akafukuzwa kwenye chocho, akapigwa, na kama si mjumbe mmoja mama wa makamo aliyetoka na kanga yake akasimama katikati akapiga kelele kwamba anamjua huyu mtoto, sijui ingekuaje. Mnajua zile taarifa za "wananchi wenye hasira kali", ilikua imebaki kidogo sana. Kijana ni saidia fundi, mfuko ule ulikua na mwiko, pima maji na nguo za kazi. Ni mpangaji, ana miezi michache tu mtaani, ndo maana watu hawakumjua.

Baada ya hapo wapangaji wengi walitoka kwenye grupu na mchango wao ukasimama.

Kilichogeuza mambo ni maongezi ya kwenye kioski cha maji. Mwenyekiti alienda kumpa pole mama mmoja muuza samaki aliyeporwa hela ya mtaji akiwahi daladala ya kwanza. Akamuuliza, mama, mbona mkutanoni hukusema kitu? Yule mama akamjibu huku anajaza ndoo zake:

"Mwenyekiti, mkutano mliita saa kumi jioni, mi saa kumi jioni nipo kwenye karai nakaanga. Na ningekuja ningesema nini mbele ya baba mwenye nyumba wangu, aniulize nani kakutuma? Nyie doria yenu inalala saa tisa. Sisi tunaibiwa saa kumi."

Wanawake wengine kwenye foleni wakacheka, alafu wakaanza kila mmoja kusema lake, wapi aliporwa, lini, na nani. Mwenyekiti alirudi ofisini kwa mtendaji akamwambia tumepanga doria ya saa ambazo watu wanaoporwa wamelala.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza, kamati haikuitisha mkutano mkuu mwingine haraka. Kulikua na ubishi hapa, wajumbe wawili walisema tutaonekana tunafanya siri. Mtendaji akashauri wasikilize kwanza kwa makundi madogo, alafu mapendekezo yarudi mkutano mkuu ndo uamue. Wakakaa na wauza samaki na mboga mchana wakati biashara imepoa, na bodaboda kijiweni kwao, na wapangaji Jumapili jioni uani kwa yule yule mjumbe mama, na vijana wa kijiwe. Mjumbe mwanamke ndo aliongoza kikao cha wanawake na mwenyekiti hakuingia kabisa, alikubali mwenyewe.

Maswali yalikua ya kawaida sana: umeporwa wapi, saa ngapi, wamechukua nini, umemwambia nani. Hakuna aliyeulizwa "nani mwizi". Hili lilikua la makusudi, maana ukiuliza nani mwizi unapewa majina ya watu waliogombana na jirani zao. Majibu yakachorwa kwenye karatasi ya manila, njia, pagale, kioski, lami, na kila tukio alama ya kalamu nyekundu. Karatasi ile ilisema kitu ambacho mkutano mzima haukusema: alama nyingi zilirundikana kwenye kile kipande kati ya pagale na lami, na karibu zote ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Nyumba kuvunjwa kulikuwepo, ila kidogo. Na wengi hawakuripoti popote, si polisi si kwa mjumbe, kwasababu simu ya tochi ya mtumba nani ataifuatilia.

La pili, kubadili saa za doria. Hapa ndo palikua na vita. Wenye nyumba walisema waziwazi, sisi ndo tunachangia, mnatutoa ulinzi mnapeleka kwa watu wanaotoka wenyewe alfajiri kutafuta riziki zao. Mzee mmoja akasema kila mtu achunge njia yake. Mwenyekiti hakubishana naye, alitandika ile manila mezani akamwambia, mzee wangu, tuoneshe nyumba yako iko wapi hapa, na mkeo akienda sokoni anapita njia gani. Mzee akaangalia muda mrefu, akasema huyo anapita hapohapo. Mwisho walikubaliana kugawa walinzi zamu mbili, wachache saa tano mpaka saa nane, na zamu kubwa saa tisa mpaka jua litoke. Sio kilichopendekezwa na wanawake, wao walitaka nguvu yote alfajiri, lakini kilipita mkutano mkuu bila watu kutoka wamenuna. Mkutano huo wa pili uliitwa Jumapili saa mbili usiku ili wauza samaki wawepo, na walikuwepo.

La tatu, mipaka ya walinzi. Mkaguzi wa polisi wa kata alikuja mwenyewe akaongea lugha nyepesi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu kwa baadhi ya makosa yakifanyika mbele ya macho yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewesha. Kamati ikaamua kipimo hicho hicho kitumike kwa walinzi wao ili kusiwe na ubishi usiku: ukimuona mtu humjui, unamsalimia na kumuuliza anapoelekea, huna ruhusa ya kumpekua wala kumfunga kamba. Ukimkamata kwenye tukio unapiga 112 na unamwita mjumbe wa karibu, na jina la aliyekamata linaandikwa kwenye daftari la zamu. Kijana mmoja akauliza, na akinipiga je? Mkaguzi akasema kujilinda unaruhusiwa, ila akishalala chini mikono yako inatakiwa iwe kwenye simu. Watu walicheka ila ilieleweka.

La nne, grupu la WhatsApp. Kamati ilifikiria kulifunga kabisa, wakaona watafungua lingine lisilo na kiongozi ndani. Wakaliacha ila picha za watu zikapigwa marufuku, mwenye taarifa ya mtu anampigia mjumbe au mkaguzi moja kwa moja. Mtendaji akataja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na habari ya kusambaza taarifa za uongo, admin wa grupu akanyamaza palepale. Aliyetupia ile picha aliambiwa aende kwa familia ya kijana. Alienda, na mkutanoni mwenyekiti akaomba radhi kwa niaba ya mtaa, mbele ya watu, jambo ambalo wapangaji walilitaja kwa wiki nyingi baadaye kuliko jambo lingine lolote.

La tano, hela. Mweka hazina akachaguliwa mama muuza mkaa anayejulikana kwa kutosamehe deni. Kitabu cha risiti kikanunuliwa, na kila mwisho wa mwezi karatasi inabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na nyingine kwenye kioski cha maji: zimeingia ngapi, zimelipa nani, zimebaki ngapi. Kwenye kioski ndo ilisomwa zaidi, ofisini nani anaenda.

Kulikua pia na pagale na mwanga. Mtendaji aliandika barua kwa mwenye pagale kupitia ndugu yake aliyepatikana, na baada ya kusukumwa sana ndugu akaleta tofali akaziba milango na madirisha ya chini. Taa za barabarani maombi yalipelekwa na mpaka naandika hazijaja, kwahiyo kamati ikaomba nyumba za pembeni ya njia ziwashe taa ya nje usiku kucha. Hapo likaibuka la LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba zile zina mita moja kwa wapangaji wote, wanachangiana umeme, na mpangaji wa chumba cha mbele akauliza taa ya njia ya watu wote nailipia mimi kwanini. Ana hoja. Wakaafikiana mfuko wa ulinzi ununue taa zinazokula umeme kidogo na kila mwezi nyumba hizo zipunguziwe mchango.

Matokeo

Uporaji kwenye kile kipande ulipungua sana, hilo wanawake wenyewe walisema, na daftari la zamu linaonesha hivyo hivyo. Haukuisha mtaani. Ulihamia kidogo upande wa pili kwenye njia ya korongoni, ikabidi zamu ya alfajiri igawanyike. Watu walianza kuripoti zaidi, kwahiyo kwa muda kwenye makaratasi ilionekana kama uhalifu umeongezeka, na diwani aliuliza swali hilo kwenye kikao cha kata kwa sauti ya ukali kidogo mpaka alipoelezwa.

Wapangaji walirudi kuchangia, sio wote. Vijana wawili wa kijiwe waliingia kwenye ulinzi, mmoja akawa mzuri kuliko wote kwasababu anajua kila chocho na kila mtoto wa mtu, mwingine alipata bodaboda ya mkataba akaondoka. Mchango ulipanda miezi ya mwanzo, alafu ulipofika mwezi wa ada za shule ukashuka, na kuna mwezi walinzi walilipwa nusu.

Uchambuzi: nini kilifanya kazi na nini hakikufanya

Ukiniuliza mimi, kilichobadili mtaa huu ni saa. Saa ya doria na saa ya mkutano. Mkutano wa saa kumi jioni ulichagua nani asikike kabla hata mtu hajafungua mdomo, na waliosikika wakapanga ulinzi wa maisha yao. Hakuna aliyekua na nia mbaya. Kamati nyingi zinahesabu mahudhurio, watu mia ngapi walikuja, wakati swali ni nani hakuja na muda huo alikua wapi.

Vikao vidogo vilifanya kazi kwasababu mbili. Mtu anasema mbele ya wanaofanana naye kile ambacho mbele ya mwenye nyumba wake hasemi, hilo linajulikana. Ya pili watu hawaizungumzii sana: vile vikao havikuamua kitu. Vingekua vimeamua, wenye nyumba wangesema wamezungukwa na wangekua sahihi. Maamuzi yalirudi kwenye mkutano mkuu ambao ndo wenye mamlaka, na manila ikawa inaongea badala ya mama yeyote mmoja, kwahiyo hakuna aliyeulizwa nani kakutuma.

Karatasi ya kioski nayo imefanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kulikua na mwezi hesabu ilipungua shilingi elfu kadhaa, ikaandikwa hivyo hivyo, "zimepungua, risiti moja haionekani, inatafutwa". Nilidhani italeta vurugu, haikuleta. Watu walizoea miaka yote hesabu kimya, sasa wanaona mtu anaandika mpaka pungufu.

Kilichofeli. Suala la kijana saidia fundi lilitakiwa liwe na utaratibu kabla halijatokea, grupu lilifunguliwa mkutanoni kwa dakika mbili na hakuna aliyeuliza nani anaweka nini humo. Mtaa wowote unaofungua grupu la ulinzi leo uanze na hilo la picha siku ya kwanza, kabla ya salamu. Na kuomba radhi ni sawa ila yule kijana alikosa kazi siku kadhaa akiuguza mbavu, na kamati haikuwahi kuzungumzia gharama zake. Mimi hilo naliona ni deni.

Walinzi kulipwa kwa mchango wa kaya ni msingi mbovu, sioni namna ya kulizunguka. Mtaa hauna mfuko wake wa maana, kila kitu kinategemea huruma ya mwezi. Wajumbe walizungumzia kuwaombea vijana mkopo wa kikundi wa halmashauri, ile asilimia kumi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ili wawe na mradi unaowaingizia mchana. Wazo zuri, ila mtu aliyekesha mpaka jua linatoka mradi wa mchana anaufanya saa ngapi? Hawajapata jibu.

Alafu kuna hili la mkaguzi wa kata. Makubaliano yote na polisi, nani apigiwe, muda gani gari ipite kwenye lami alfajiri, yalikua ya mdomo kati yake na mwenyekiti, wanaelewana, wanapigiana simu. Akahamishwa. Aliyekuja hakujua chochote na wiki za mwanzo gari haikupita. Mtendaji akachomoa mihtasari ya vikao, akapiga kopi kurasa zinazohusu polisi, wakaenda nazo yeye na mwenyekiti, na mkaguzi mpya akaomba aandikiwe barua rasmi ili aipeleke kwa mkuu wake wa kituo. Barua imeshaenda, ina sahihi ya mwenyekiti, muhuri wa mtaa, na manila imeambatanishwa ikiwa imekunjwa mara nne.